Milva na Vangelis: je, mahadhi yalitangulia maneno?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: “Nimerithi santuri chache za mjomba wangu aliyesoma Ujerumani. Mojawapo ni ya mwimbaji wa Kiitaliano aitwaye Milva, ya mwaka 1981, yenye jina la ‘Ich hab’ keine Angst’. Rafiki yangu anasema muziki wake ni wa Vangelis, yule Mgiriki wa filamu ya ‘Chariots of Fire’. Je, Vangelis alimtungia Milva muziki mpya, au ni muziki wake wa zamani uliotiwa maneno? Kwa nini Muitaliano aimbe Kijerumani juu ya mahadhi ya Mgiriki? Na je, mashine hazikuimeza sauti ya mama huyu?”

Ndugu msomaji,

Rafiki yako hakukudanganya. Swali lako la kwanza lina jibu fupi linalohitaji maelezo marefu: wimbo uliobeba jina la santuri yako ni muziki wa zamani uliotiwa maneno. Mahadhi yake yalikuwa yamekwisha kutoka miaka minne kabla, katika albamu ya Vangelis ya 1977 iitwayo “Spiral”, yakiwa kipande kisicho na mwimbaji, chenye urefu wa dakika tisa hivi na jina la “To the Unknown Man”, yaani “Kwa Mtu Asiyejulikana”. Ukikipata kipande hicho, kisikilize kabla hujarudi kwenye santuri ya mjomba. Utasikia besi ya sinthesaiza, yaani kinanda cha umeme kinachounda sauti, ikirudia noti zilezile bila kuchoka, na juu yake mahadhi mapana yakienda polepole kama msafara wa watu waliovaa nguo rasmi. Baadaye huingia ngoma ndogo ya kijeshi ambayo haiongezi kasi lakini hufanya kila hatua iwe nzito zaidi. Ni muziki uliokwisha kusema lake bila neno lolote, na kwa sababu hiyo hasa si rahisi kuutia maneno.

Sisi tuliolelewa na ushairi wa Kiswahili tumezoea utaratibu mwingine. Mshairi hutimiza kwanza vina na mizani yake, kisha atakayeimba huyatafutia maneno yale mahadhi yanayoyafaa. Hapa mambo yalikwenda kinyume: noti zilikuwa zimekwisha kuhesabiwa, urefu wa kila noti ulikuwa umekwisha kuamuliwa, na maneno yalitakiwa kuingia humo kama mgeni anayejipenyeza kwenye benchi lililojaa. Kazi hiyo ilifanywa na Thomas Woitkewitsch, Mjerumani aliyemwandikia Milva maneno ya nyimbo zake nyingi za Kijerumani. Tena mahadhi yenyewe yalizaliwa mikononi mwa mtu asiyehitaji kuvuta pumzi. Kidole kikikaa kwenye kinanda, sauti hukaa. Kikikaa zaidi, hukaa zaidi. Mwimbaji naye ana mapafu mawili tu, na ni lazima aamue mahali pa kukata sentensi bila kuiua maana yake. Usikilizapo santuri yako, jaribu kuacha muziki upite na ufuatilie pumzi peke yake. Utagundua kwamba Milva havuti pumzi pale ambapo muziki unamruhusu. Huivuta pale ambapo sentensi ya Kijerumani inamruhusu, na hapo ndipo anapoonekana kuwa mtu wa jukwaa la maigizo.

Kabla sijafika kwenye jukwaa hilo, niseme jambo kuhusu neno “mashine”, maana swali lako la mwisho limesimama juu yake. Ala ambayo jina la Vangelis limefungamana nayo kuanzia miaka ile ni sinthesaiza ya Yamaha aina ya CS-80, iliyotoka katika nusu ya pili ya miaka ya 1970. Ilikuwa dude zito ambalo mtu mmoja hawezi kulibeba, lililoweza kutoa sauti nane kwa wakati mmoja, na uimara wa noti zake ulitegemea hata joto la chumba. Lakini lilikuwa na sifa mbili ambazo vinanda vingi vya umeme vya wakati ule havikuwa nazo. Ya kwanza ni kwamba baada ya kubonyeza kitufe ungeweza kuendelea kukikandamiza, na sauti ya kitufe hicho peke yake ingebadilika: ingeongezeka ukali, au ingetetemeka kama sauti ya mtu aliyeguswa moyoni, huku vitufe vingine vilivyobonyezwa pamoja nacho vikibaki vimetulia. Ya pili ni ukanda mrefu uliolala juu ya safu ya vitufe, ambao kidole kikiteleza juu yake, noti hupanda au kushuka bila ngazi, jinsi mpiga fidla anavyotelezesha kidole kwenye uzi.

Maana yake ni kwamba ala hii ilitengenezwa kwa ajili ya mguso wa mkono. Vangelis hakujifunza kusoma wala kuandika noti. Alikaa katikati ya vinanda vyake katika studio yake ya Nemo mjini London, aliyoianzisha mwaka 1975 na kuitumia hadi 1987, akapiga kile kilichomjia na kukiacha kwenye utepe. Kwa mtunzi wa namna hiyo utepe ndio karatasi ya noti, na kila mtetemo wa kidole unabaki pale kama mwandiko. Kwa hiyo katika wimbo wako mashambulizi ya mashine dhidi ya sauti ya binadamu hayapo. Walichokutana nacho wasikilizaji wa 1981 ni miguso miwili, wa kidole na wa koo, ikigombania mahadhi yaleyale, na kwa maoni yangu mvuto wa albamu unatokana na ugomvi huo wa kistaarabu.

Sasa tuje kwa Milva. Jina lake la kuzaliwa ni Maria Ilva Biolcati, aliyezaliwa tarehe 17 Julai 1939 huko Goro, kijiji cha wavuvi kwenye delta ya mto Po, mkoani Ferrara. Mwaka 1961 alishiriki kwa mara ya kwanza tamasha la nyimbo la Sanremo na kushika nafasi ya tatu. Alirudi huko mara nyingi, jumla mara 15, bila kushinda hata mara moja, jambo ambalo linaeleza mengi kuhusu mwimbaji ambaye siku zote alikuwa mzito kidogo kwa wimbo mwepesi. Magazeti ya Italia yalimwita chui wa Goro, na baadaye, kwa sababu ya nywele zake na pia siasa zake za mrengo wa kushoto, wakamwita “la Rossa”, yule mwekundu. Jina hilo lilikuwa pia la albamu ambayo Enzo Jannacci wa Milano alimwandikia mwaka 1980, mwaka mmoja tu kabla ya santuri yako.

Lakini shule yake halisi ilikuwa Piccolo Teatro ya Milano, chini ya mwongozaji Giorgio Strehler, ambaye alimfundisha kuimba nyimbo za Bertolt Brecht, mwandishi wa tamthilia wa Kijerumani. Nyimbo za Brecht na mtunzi wake wa muziki, Kurt Weill, haziruhusu mwimbaji ajifurahishe kwa uzuri wa sauti yake. Zinamtaka asimame kidogo kando ya wimbo, amweleze msikilizaji jambo, amtazame usoni, na neno likihitaji kusemwa badala ya kuimbwa, basi lisemwe. Milva aliibeba tabia hiyo kila alikokwenda. Ndiyo maana hata pale ambapo muziki wa Vangelis umetanda kama ukungu wa asubuhi, maneno yake yanasikika yote, hadi konsonanti za mwisho. Mwimbaji mwenye sauti nyororo zaidi angezama humo, na nina hakika ungekuwa umekwisha kuisahau santuri hiyo.

Brecht ndiye pia anayetupeleka kwenye swali lako kuhusu lugha. Muitaliano aliyefika kwenye nyumba za maigizo za Ujerumani akiimba Brecht kwa uzito ule alipokelewa kama mtu wa nyumbani, na kuanzia miaka ya 1970 Milva alikuwa na wasikilizaji Ujerumani waliomthamini kwa namna ambayo Sanremo haikuwahi kufanya. Alirekodi kwa Kijerumani mfululizo kwa miaka mingi, kama msanii wa lugha hiyo na si kama mgeni anayejaribu soko. Wala Vangelis hakuwa Mgiriki wa kwanza katika safari hiyo: mwishoni mwa miaka ya 1970 Milva alikuwa amekwisha kuimba nyimbo za Mikis Theodorakis kwa Kijerumani, na zikapendwa. Kwa hiyo mwaka 1981 mchanganyiko unaokushangaza wewe haukuwashangaza wanunuzi wa santuri wa kule.

Albamu hiyo ilipata pia sura ya Kifaransa, “Moi, je n’ai pas peur”, na hapa Mswahili ana faida ndogo ya kusikiliza. Kijerumani kinasema, neno kwa neno, “sina hofu”. Kifaransa kinasema “mimi, siogopi”, kwa ule msisitizo ambao sisi tunaupata kwa kuongeza “mimi” mbele ya kitenzi kilichokwisha kubeba nafsi yake. Kauli ya kwanza inatoa taarifa, na ya pili inamjibu mtu aliyekuwa akitisha. Tena kuna suala la kinywa. Neno “Angst” lina irabu moja tu, kisha herufi nne za konsonanti zinazofuatana, hivyo mwimbaji hana budi kuivuta ile “a” kisha kufunga mlango kwa kishindo. Neno “peur” la Kifaransa linaishia kwa sauti iliyo wazi zaidi, inayoweza kufifia taratibu. Muziki ni uleule na mwimbaji ni yuleyule, lakini ujasiri wa mwanamke wa Kijerumani katika wimbo huu ni wa mtu aliyekwisha kuamua, ilhali wa Kifaransa ni wa mtu anayeamua mbele ya macho yetu. Mimi napendelea wa Kijerumani, ingawa nimekutana na wapenzi wengi wa muziki wanaoapa kwa ule mwingine.

Je, Vangelis alijua kufanya kazi na waimbaji, au alikuwa mtu wa vinanda aliyeazima sauti? Alijua sana, na Italia ilikuwa sehemu kubwa ya elimu hiyo. Mwaka 1974 aliipangia muziki albamu ya Claudio Baglioni iitwayo “E tu...”, mwaka 1976 alifanya hivyo kwa Riccardo Cocciante katika “Concerto per Margherita”, na mwaka huohuo kwa Patty Pravo katika “Tanto”. Kwa hiyo Milva alimkuta mtu aliyekwisha kuzoea sentensi ndefu za wimbo wa Kiitaliano na jinsi zinavyopanda hadi kileleni. Upande mwingine kuna Irene Papas, mwigizaji maarufu wa Ugiriki, ambaye Vangelis alifanya naye “Odes” mwaka 1979, albamu iliyosimama juu ya nyimbo za jadi za Kigiriki. Papas hakuwa mwimbaji kwa kazi, lakini alikuwa na sauti ya chini, nzito, ya mwanamke wa tamthilia za kale. Ukiweka “Odes” kando ya santuri yako utaona kwamba sikio la Vangelis lilikuwa linatafuta kitu kimoja: sauti ya kike isiyolia, inayosimama.

Tofauti kubwa iko kwa Jon Anderson, mwimbaji wa kundi la Yes la Uingereza, aliyeshirikiana na Vangelis katika miaka hiyohiyo. Katika “Short Stories” ya 1980 Anderson aliimba kwa kubuni papo hapo Vangelis akipiga, maneno na noti yakizaliwa pamoja, na kwa hiyo maneno yake mara nyingi ni rangi zaidi kuliko maana. Kwa Milva njia hiyo isingewezekana. Mwanafunzi wa Strehler anataka andiko mkononi, ajue nani anasema, anamwambia nani, na kwa nini. Labda hiyo ndiyo sababu ushirikiano wao unasikika kama wa watu wawili waliogawana kazi kwa heshima, kila mmoja akibaki na chumba chake. Wapo wanaouona ubaridi huo kuwa kasoro, nami sikubaliani nao hata kidogo.

Kuna jambo jingine ambalo halitajwi sana, nalo linafaa kuondoa dhana kwamba mwaka 1981 Milva alikuwa akifuata mtindo wa vinanda vya umeme kwa sababu ya biashara. Mwaka uliofuata, 1982, alitoa “Milva e dintorni” pamoja na Franco Battiato, Msisili ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa miongoni mwa Waitaliano wa kwanza kuleta sinthesaiza katika albamu za nyimbo. Mwaka huohuo aliimba katika opera ya Luciano Berio “La vera storia” kwenye jumba la La Scala, Milano. Na Berio, pamoja na Bruno Maderna, ndiye aliyeanzisha studio ya muziki wa kielektroniki ya redio ya taifa ya Italia mjini humo mwaka 1955. Yaani ndani ya takriban miaka miwili mwanamke huyu alisimama na watunzi watatu ambao kila mmoja, kwa njia yake, alikuwa amepitia sauti za umeme: mmoja wa filamu na vinanda, mmoja wa wimbo wa kisasa, mmoja wa opera. Sidhani kama kuna mwimbaji mwingine wa Kiitaliano wa kizazi chake anayeweza kusemwa hivyo. Ukimtazama katika mwanga huo, Vangelis anakuwa kituo kimoja katika uchunguzi wake mrefu wa swali moja, la jinsi neno linavyoweza kusimama ndani ya sauti isiyotoka kwenye uzi wala pumzi.

Walikutana tena mwaka 1986. Wakati huo Vangelis alikuwa amekwisha kupata Oscar, mwaka 1982, kwa muziki wa “Chariots of Fire”, na alikuwa ametunga pia muziki wa “Blade Runner”. Milva kwa upande wake alikuwa ameimba tango za mtunzi wa Argentina, Astor Piazzolla, akiwa naye jukwaani mjini Paris mwaka 1984. Safari hii albamu ilitoka kwa sura mbili: ya Kijerumani, “Geheimnisse”, yaani “Siri”, na ya Kiitaliano, “Tra due sogni”, yaani “Kati ya Ndoto Mbili”. Tazama kwamba majina hayo hayatafsiriani hata kidogo. Mahadhi yalibaki, lakini kila lugha iliandikiwa maneno yake, jinsi nyumba moja inavyoweza kupangishwa kwa familia mbili ambazo samani zao hazifanani. Kwa anayejua lugha zote mbili ni darasa zuri sana, na hata asiyejua lugha hizo atasikia kwamba Milva wa Kiitaliano analegeza taya, anavuta irabu, na anaukaribia muziki zaidi kuliko Milva wa Kijerumani.

Kwa ufundi, albamu hiyo ya 1986 ndiyo kazi iliyokamilika zaidi: sauti na vinanda vimezoeana, na mahadhi yanaacha nafasi za kupumua kana kwamba sasa mtunzi anakumbuka kuwa kuna mtu atakayeimba. Lakini kukamilika huko kuna bei yake. Mwangwi umekuwa mwingi mno, na mara mbili tatu unaisukuma sauti ya Milva nyuma, hadi yule mwanamke wa Brecht aliyetutazama machoni anabaki kivuli nyuma ya pazia. Hapo ndipo ningekubali kwamba mashine zimemeza kitu, ingawa lawama ni ya ladha ya wakati ule na si ya ala. Katika santuri yako ya 1981 jambo hilo halitokei, na kwa hiyo, nikilazimika kuchagua moja, nitabaki na yako, pamoja na ukali wake wote.

Ukitaka kuendelea, usianze na albamu ya 1986. Tafuta kwanza “Spiral”, usikilize “To the Unknown Man” mara mbili hadi uweze kuyapiga mahadhi yake kwa mluzi, kisha weka santuri ya mjomba na ufuate wimbo wa jina. Baada ya hapo tafuta “Odes” ya Irene Papas, ili usikie jinsi Vangelis anavyokaa chini ya sauti nzito ya kike wakati mahadhi ni ya jadi na si yake. Ndipo uje kwenye “Tra due sogni”, na ukiwa na subira, “Geheimnisse” mara baada yake, wimbo kwa wimbo. Na kwa kuwa santuri yako ina umri wa zaidi ya miaka 40, ifute vumbi kwa kitambaa laini kikavu ukifuata mzunguko wa mistari yake, na ukague sindano kabla ya kuipiga: katika muziki wenye noti ndefu zilizotulia kama hizi, kila mkwaruzo husikika.